Chuo Kinapofungwa: Mafundisho na Mawasiliano Wakati wa Misukosuko, Yakitazamwa kutoka Karatu na Ngorongoro

Utangulizi

Mwezi Agosti 1527 tauni iliingia katika mji wa Wittenberg. Mtawala wa Saksonia aliamuru Chuo Kikuu kihamishiwe Jena, na walimu pamoja na wanafunzi wengi wakafungasha mizigo yao wakaondoka. Martin Luther naye aliagizwa aondoke, lakini alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji. Nyumba yake ikageuka kuwa mahali pa kuuguzia wagonjwa. Hata hivyo katika miezi hiyo hiyo aliendelea kuwafundisha wanafunzi wachache waliosalia, akiwafafanulia Waraka wa Kwanza wa Yohana. Tena aliandika kijitabu kuwajibu wachungaji wa Breslau waliouliza kama ni halali kwa Mkristo kuikimbia tauni. Jibu lake halikuwalaani waliokimbia. Alisema tu kwamba mtu mwenye wajibu juu ya wengine, awe mchungaji, hakimu au mtumishi, hana ruhusa ya kuondoka mpaka amepatikana wa kushika nafasi yake.

Habari hii inatupa maswali matatu ambayo makala hii inakusudia kuyafuata katika historia ya elimu ya juu nchini mwetu. Chuo kinapofungwa, ni nani anayebaki kufundisha? Anawafikiaje wale waliotawanyika? Na ni nani, kati ya hao waliotawanyika, anayesahauliwa kwanza?

Swali la tatu ndilo linalotufanya tuitazame historia hii kutoka Karatu na Ngorongoro, wala si kutoka Dar es Salaam au Makumira. Wanaoandika habari za migogoro ya vyuo kwa kawaida husimama kwenye lango la chuo. Humwona mwanafunzi akitoka na sanduku lake, kisha hungoja mpaka arudi. Kilichompata katikati ya siku hizo mbili hakiandikwi. Lakini huko katikati, nyumbani kwao, ndiko inakojulikana kama mafundisho yalikuwa na mizizi au yalikuwa yameegemea ukuta tu.

I. Nchi na watu wake

Karatu iko juu ya bonde la ufa, baada ya kupanda mteremko wa Mto wa Mbu, kwenye njia iendayo lango la Ngorongoro. Kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, ikamegwa kuwa wilaya yake katika miaka ya 1990. Wakazi wake wengi ni Wairaqw, wakulima na wafugaji wa mahindi, ngano, maharagwe, mbaazi na ng'ombe. Kuelekea Ziwa Eyasi, ambako mashamba ya vitunguu ya Mang'ola yananyweshwa kwa maji ya chemchemi, wanaishi pia Wadatoga na Wahadzabe. Ukivuka lango unaingia nchi ya ufugaji ya Wamaasai.

Eneo hili ni dogo, lakini limekusanya lugha za jamii zote kubwa za Afrika: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kimaasai na Kidatoga ni za Kiniloti, lugha za Kibantu zimeletwa na wahamiaji, na Kihadza, chenye sauti za kidoko, hakina ndugu anayejulikana kwa hakika. Kwa hiyo kwa watu wengi wa huku Kiswahili ni lugha ya pili, na Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya elimu ya juu, ni cha tatu. Tangazo linalotoka chuoni hupita milango miwili ya tafsiri kabla ya kumfikia mzazi anayelipa ada.

Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959, wakati wafugaji walipoondolewa katika nyanda za Serengeti na kuahidiwa kwamba Ngorongoro watakaa pamoja na wanyamapori. Tangu hapo maisha ya huko yamekuwa chini ya masharti ambayo wilaya nyingine hazina. Kilimo kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992 kwa kiasi cha kujikimu, kisha kikakatazwa tena mwaka 2009. Mzazi wa Endulen au Nainokanoka anayetaka kumsomesha mtoto hana shamba la kuuza mavuno yake, anauza mnyama. Bei ya mnyama ikianguka, au ukame ukipita, masomo nayo yanaanguka.

Haya si maelezo ya pembeni. Ni kipimo. Njia yoyote ya kufundisha na kuwasiliana wakati wa msukosuko ni lazima iulizwe: je, ingefika Endulen?

II. Miaka ya shule bila wamisionari

Msukosuko wa kwanza wa elimu ya Kilutheri katika kaskazini ya nchi yetu haukuanza kwa mgomo wala kwa ugonjwa, bali kwa vita vya watu wengine. Misioni ya Leipzig ilifika Kilimanjaro mwaka 1893. Kabla ya mwaka 1914 ilikuwa imefungua vituo vya Uchagani, Meru na Arusha, pamoja na chuo cha walimu kule Marangu. Vita Kuu ya Kwanza ikaleta utawala wa Waingereza, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walifukuzwa. Waliosalia walikuwa wachache mno waliotoka nchi za Baltiki, ambao hawakuhesabiwa kuwa raia wa Ujerumani. Mmoja wao alikuwa Leonhard Blumer, Mwestonia aliyefanya kazi kati ya Waarusha. Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana walianza kusaidia katika miaka ya 1920, na Wajerumani wakaruhusiwa kurudi kuanzia mwaka 1925.

Katika pengo hilo kazi ilibebwa na waalimu wenyeji. Tukumbuke kwamba wakati huo jina la mwalimu lilikuwa na maana mbili zisizotenganishwa: aliyefundisha kusoma siku ya Jumatatu ndiye aliyeongoza ibada siku ya Jumapili. Wengi wao hawakulipwa kwa wakati, na baadhi hawakulipwa kabisa. Hapakuwa na mchungaji mwenyeji hata mmoja katika eneo la Leipzig, kwa maana ubarikio wa kwanza ulifanyika mwaka 1934 tu. Hata hivyo wamisionari waliporudi hawakukuta magofu. Walikuta sharika zilizokua.

Ni vema kuuliza kwa nini. Sababu moja ni kwamba elimu ile ilikuwa imekwisha kupandwa katika watu. Waalimu walikuwa na Katekisimu Ndogo, kitabu cha nyimbo na sehemu za Biblia; vitu hivi vilikuwa vichache kiasi cha kuhifadhiwa kichwani. Sababu ya pili ni kwamba mwalimu aliishi kati ya wanafunzi wake. Hakuhitaji kutangaza kwamba shule inaendelea, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa tangazo.

Historia ilijirudia mwaka 1940, wakati wamisionari Wajerumani walipowekwa kizuizini. Safari hii walikuwapo wachungaji wenyeji, ingawa wachache, nao walibeba mzigo wa maeneo makubwa. Uchache huo ndio uliowafanya viongozi wa makanisa waone kwamba kozi za muda mfupi hazitoshi. Mwaka 1947 chuo cha theolojia kilifunguliwa Lwandai, Usambara, na mwaka 1954 kikahamia Makumira, katika nchi ya Wameru. Kwa maneno mengine, elimu yetu ya juu ya theolojia ni mtoto wa msukosuko.

Lakini tusiitukuze miaka ile kupita kiasi. Waalimu waliitunza elimu mahali ilipokuwa imekwisha kufika. Hawakuwa na uwezo wa kuieneza mahali isipokuwa imefika. Nyanda za juu za Mbulu na nchi ya Wamaasai zilibaki nje kwa miaka mingi, na pengo lililofunguliwa wakati ule bado linaonekana tunapohesabu wahitimu leo. Msukosuko hauanzishi tofauti kati ya karibu na mbali. Huikuza ile iliyokuwapo.

III. Mlimani: maneno yasiyokutana

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki chenye wanafunzi 14 wa sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kuwa chuo kikuu kamili Julai 1970. Kwa kijana wa Karatu wa miaka ile, chuo hicho kilikuwa umbali wa karibu kilomita 800. Kwa muda mrefu habari zake zilifika kwa sauti moja tu, yaani Redio Tanzania, kwa kuwa redio za watu binafsi hazikuruhusiwa mpaka miaka ya 1990.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewataka watumike kwa miaka miwili na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwapokea, akayasikiliza maelezo yao, akajibu kwa hasira, kisha akawafukuza. Karibu vijana 400 walisindikizwa kurudi makwao. Siku hiyo hiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, na Machi likafuata andiko la Elimu ya Kujitegemea. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye mwaka huo.

Tukio hili linastahili kutazamwa kwa haki pande zote mbili. Mwalimu aliona jambo la kweli: taifa maskini lilikuwa likisomesha wachache kwa jasho la wengi, na wachache hao walikuwa wakianza kudai ujira wa kikoloni. Mkulima wa Karatu angekubaliana naye. Wanafunzi nao waliona jambo la kweli: viongozi waliokuwa wakiwahubiria kujinyima walikuwa wakiishi kwa raha, na kule kupunguza mishahara kwa siku ile ile ni ushahidi kwamba hoja yao iligusa. Pande zote mbili zilisema. Kila upande ulisema kweli. Na bado hawakuzungumza. Mazungumzo yenyewe yalikuja baadaye, kwa maandishi, wakati andiko la Elimu ya Kujitegemea lilipolifanya swali la wanafunzi 400 kuwa swali la taifa zima. Kama swali lile lingewekwa mbele ya wanafunzi kabla ya sheria kupitishwa, huenda safari ya Ikulu isingalikuwapo.

Julai 1971 Symonds Akivaga, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa rais wa serikali ya wanafunzi, alifukuzwa baada ya kuukosoa uongozi wa chuo kwa barua ya wazi. Wenzake waligoma kuingia madarasani. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na viongozi, na zaidi ya 350 walifukuzwa. Tazama jinsi hoja ilivyogeuka. Mwaka 1966 taifa liliwaambia wasomi kwamba wanajipendelea. Mwaka 1978 wasomi waliwaambia viongozi neno lile lile. Jibu, hata hivyo, lilikuwa moja: lori na barua ya kufukuzwa.

Mwaka 1990 unatufundisha zaidi, nao unauma zaidi. Chuoni palikuwa na desturi ya mabango ya ukutani iliyojulikana kwa jina la Mzee Punch. Hapo mwanzo ilijigamba kuwa sauti ya ukosoaji. Pole pole ikawa chombo cha kuwadhalilisha watu, hasa wanafunzi wa kike, kwa picha na maneno ambayo hayakuwa na mwandishi anayejulikana. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa kwanza, baada ya kusumbuliwa hivyo, alijiua. Miezi michache baadaye wanafunzi waligomea masomo wakilalamikia hali mbaya ya chuo, wakamtaka Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Mkuu wa Chuo, aje kuzungumza nao. Mei 1990 serikali ilikifunga chuo na kuwapeleka wanafunzi wote nyumbani. Masomo hayakuanza tena mpaka mwaka 1991.

Mambo haya mawili hayakuwa na chanzo kimoja, lakini yalikuwa na udongo mmoja. Mahali ambapo njia halali za kusema ni nyembamba, ukuta huanza kusema. Na ukuta hauna uso. Hauwezi kuulizwa, hauwezi kutubu, na humshambulia kwanza yule asiye na nguvu. Luther alikutana na jambo linalofanana na hili mwaka 1522. Alipokuwa amefichwa Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuvunja sanamu na kulazimishana mabadiliko. Hakutuma amri kutoka mafichoni. Alirudi mwezi Machi mwenyewe, kwa hatari ya maisha yake, akapanda mimbarani siku nane mfululizo, akaeleza. Mji ukatulia. Neno lenye uso lilifanya ambacho nguvu isingalifanya.

Vijana wa mikoa ya mbali walirudi nyumbani mwaka ule wakiwa na maelezo mawili ya jambo moja: yale ya redio na yale yao. Mzazi aliyesikia redioni kwamba wanafunzi ni wakorofi alimpokea mwanawe kwa shaka. Chuo hakikuwa na njia ya kuongea na mzazi huyo, wala na kijana mwenyewe kwa muda wote wa kungoja. Kwa miezi kadhaa hapakuwa na somo, barua ya mwalimu, wala kitabu cha kusoma.

IV. Barua, redio na chuo kisicho na ukuta

Wakati huo huo zilikuwapo nchini njia za kufundisha ambazo hazikutegemea lango la chuo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianzisha masomo kwa njia ya posta mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu mamilioni katika vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi kikiwa na kiongozi na kijitabu chake. Somo lililotoka hapo ni kwamba redio peke yake haifundishi. Hufundisha redio pamoja na karatasi mkononi na mtu wa kuongoza mazungumzo baada ya kipindi kwisha.

Kanisa nalo lilikuwa na sauti yake. Redio Sauti ya Injili ya Shirikisho la Kilutheri Duniani ilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwaka 1963, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliutaifisha mtambo ule. Studio ya Moshi haikufa pamoja nao, kwa sababu ujuzi wa kutayarisha vipindi haukuwa Addis Ababa bali ulikuwa katika watu wa Moshi. Hapa tunaiona tena ile kanuni ya mwaka 1920: mtambo unaweza kuchukuliwa, lakini si rahisi kumchukua fundi.

Katika elimu ya theolojia njia ya enezi, iliyoanzia Guatemala mwaka 1963, ilifika pia katika makanisa ya Afrika Mashariki. Mwanafunzi hubaki katika usharika wake na kazi yake, husoma kitabu chake kwa juma, kisha hukutana na mwalimu na wenzake. Vyuo vingi viliitazama njia hii kama elimu ya daraja la pili, ya watu waliokosa nafasi chuoni. Huenda tulikosea kipimo. Mtu aliyejifunza kusoma peke yake, kwa taa ya mafuta, baada ya kurudisha mifugo zizini, anaweza kuendelea kusoma hata chuo kikifungwa.

Sheria ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ilipitishwa mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza mwaka 1994. Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, yule yule aliyekuwa akikiongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati kilipofungwa mwaka 1990. Hatuna haja ya kudai kwamba la pili lilizaliwa na la kwanza. Yatosha kuona kwamba mtu aliyeshuhudia mabweni matupu ndiye aliyepewa kazi ya kujenga chuo kisicho na mabweni.

V. Siku sabini na tano za mwaka 2020

Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, naye alikuwa Arusha. Siku ya pili yake shule zilifungwa, na tarehe 18 vyuo vyote. Vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni, yaani baada ya siku 75. Vyuo vikuu vichache vilikuwa tayari kuendelea na masomo kwa mtandao. Vingi vilisimama, na vilipofunguliwa vikafidia kwa kubana ratiba.

Karatu lilipata pigo mara mbili. Uchumi wa mji ule umefungamana na lango la Ngorongoro: waongozaji, madereva, wapishi, wauza vinyago na mama wauza mboga kwa mahoteli wote hula meza moja. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Aliyekuwa akilipa ada ya mwanafunzi alipoteza kazi katika juma lile lile mwanafunzi aliporudishwa nyumbani. Basi swali halikuwa tu kama kijana atasoma kwa simu akiwa nyumbani, bali kama atarudi chuoni kabisa. Vyuo vya Kanisa, ambavyo huishi kwa ada, vilisikia maumivu hayo kwa upande wao. Tena baadhi vilikuwa havijapona vizuri tangu mwaka 2017, wakati Tume ya Vyuo Vikuu ilipovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya.

Nao uwezekano wa kusoma kwa simu haukuwa sawa. Katika mji wa Karatu mtandao unapatikana. Katika mabonde ya Ngorongoro mtu hupanda kilima kutafuta mawimbi, na simu huchajiwa kwa nguvu za jua au kwa malipo dukani. Mwalimu aliyetuma kitabu kizito kwa simu aliamini amefundisha. Mwanafunzi aliyekuwa na salio la kupokea ujumbe mfupi tu hakujua hata kwamba kuna somo.

Lakini kuna jambo la mwaka ule ambalo wanahistoria wa elimu hawajalitilia uzito unaostahili. Katika nchi yetu nyumba za ibada hazikufungwa. Tutakuwa na maoni tofauti kama uamuzi ule ulikuwa wa busara kwa afya, na makanisa yenyewe yalilazimika kuweka ndoo za maji na kupanga viti mbali mbali. Hata hivyo ni kweli ya historia kwamba kwa siku 75 lango la chuo lilipokuwa limefungwa, mlango wa usharika ulikuwa wazi. Kila Jumapili, katika kila usharika, huenda alikuwapo mwanafunzi mmoja au wawili wa elimu ya juu wameketi benchi la nyuma, wasiojua chuo kitafunguliwa lini. Je, tuliwaita mbele? Je, chuo kiliwaandikia wachungaji kuwauliza habari za vijana wao? Waalimu wa mwaka 1920 hawangalihitaji kuulizwa.

VI. Mafunzo

Historia hii inatupa mafunzo manne. Kwanza, ni lazima kusema mapema na kusema kwa uso. Mwaka 1966, 1971, 1978 na 1990 tofauti zao ni nyingi, lakini katika kila mmoja neno la uongozi lilifika baada ya mioyo kuchemka. Uvumi haungoji kikao cha baraza. Mkuu wa chuo anayesema, "Hili tunalijua, hili bado, na Ijumaa tutakutana tena," hajapungukiwa heshima. Amewafungia uvumi na ukuta mlango.

Pili, ni lazima kumpima kila mpango kwa mwanafunzi wa mbali. Njia inayomfikia wa Endulen itamfikia na wa Arusha mjini. Kinyume chake si kweli. Ujumbe mfupi wa simu, kijitabu cha kurasa chache, kipindi cha redio na mchungaji wa mahali ni vyombo vya kale, lakini bado ndivyo vinavyofika. Hii haina maana kwamba tudharau mtandao. Maana yake ni kwamba mtandao uongezwe juu ya msingi, usifanywe msingi.

Tatu, ni lazima kufundisha wakati wa utulivu kwa namna itakayodumu wakati wa dhoruba. Mwanafunzi aliyezoea kunakili ubaoni na kuyarudisha maneno yale yale kwenye mtihani hana la kufanya mwalimu akiondoka. Katekisimu ilidumu mwaka 1920 kwa kuwa ilikuwa imekaa moyoni na kulikuwa na mtu wa kuieleza. Kila kozi yetu ina kitu chake cha moyoni. Na tukitambue kabla hatujalazimika.

Nne, na hili ni gumu zaidi, tujue kwamba nyumbani pia kunaweza kuwa katika msukosuko. Tangu Juni 2022 kaya nyingi zimehamishwa kutoka Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Serikali imeeleza kwamba kuhama ni kwa hiari, na kwamba watu wa hifadhi, waliokuwa kama 8,000 mwaka 1959, wamezidi 100,000. Wakazi wengi wamelalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo, na wengine wameona huduma zao zikipungua. Makala hii si mahali pa kuamua shauri hilo. Lakini chuo kinachomwambia mwanafunzi, "Rudi nyumbani," hakina budi kujua kama nyumba hiyo bado ipo mahali ilipokuwa. Na Kanisa lenye waumini Ngorongoro na Handeni pia lina wajibu wa kuwa daraja la habari za kweli kati ya pande zisizozungumza, maana tumeona Mlimani gharama ya pande mbili zinazosema bila kukutana.

Hitimisho

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliagiza aletewe joho lake na vitabu. Aliendelea pia kuandika, na nyaraka zile, zilizosomwa kwa sauti katika makusanyiko madogo ya watu ambao wengi wao hawakujua kusoma, ndizo tunazozifundisha mpaka leo katika vyumba vya mihadhara. Yeremia naye aliwaandikia barua waliohamishwa Babeli. Kumbe mafundisho kwa watu waliotawanyika si jambo la dharura lililobuniwa na karne yetu. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ni mafundisho ya namna hiyo.

Milango ya vyuo vyetu itafungwa tena. Hatujui kama itafungwa na ugonjwa, ukosefu wa fedha, siasa au vita. Tunachoweza kujua ni orodha ya wanafunzi wetu: nani anatoka wapi, anasikia lugha gani nyumbani, ni mchungaji gani aliye jirani naye, na kilima gani hupanda kupata mawimbi. Orodha hiyo haihitaji fedha za wafadhili. Inahitaji mwalimu anayeuliza. Chuo chenye orodha ya namna hiyo kikifungwa, ni lango tu litakalokuwa limefungwa.